Oili ya Nyati

Saa nne asubuhi joto la Ruaha Mbuyuni lilikuwa limeshafika nyuzi hamsini kivulini, na Ledigunda Kivike alikuwa amesimama juu ya bampa la lori, ameinamia injini iliyozimwa dakika tano zilizopita, akivuta oili kwa kibomba cha mkono kupitia tundu la kijiti cha kupimia, akiitia kwenye chupa ndogo. Jasho lilimtiririka toka utosini hadi ndani ya viatu. Halikukauka. Huku bondeni jasho lilikuwa limeacha kukauka tangu juzi, mvuke wa mto ulipotulia juu ya mashamba kama mfuniko wa sufuria. Na mtu ambaye jasho lake halikauki hupikika taratibu, hata akikaa kivulini na ndoo ya maji mapajani.

Ng'ambo ya uwanja lilikuwepo ghala la baridi la vitunguu, na ndani yake watu arobaini na mmoja. Walikimbilia humo juzi, kwa sababu hapakuwa na chumba kingine chenye baridi kijiji kizima. Lakini ghala lilijengwa kwa ajili ya vitunguu, si kwa ajili ya pumzi na miili ya watu. Kompresa moja ilikufa jana. Ya pili ilikuwa ikikohoa, na kipimajoto cha mlangoni kilikuwa kimepanda toka thelathini na nne alfajiri hadi thelathini na tisa.

Magari ya umeme ya Ilula, yote kumi na manne, yalikuwa yamekaa huko juu hayana kazi. Joto likizidi arobaini na nane hujizima yenyewe ili betri zisilipuke. Aliyebaki ni Nyati, lori la dizeli lenye umri mkubwa kuliko Ledigunda mwenyewe, ambalo kazi yake ilikuwa kuvuta tela refu kupandisha vitunguu mlima wa Kitonga. Leo lilikuwa limekuja kuwapandisha waliovilima.

"Inasemaje?" aliuliza Alatanga Mhapa, dereva. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene wa mabega, na tangu washuke alikuwa hajaacha kutazama mlango wa ghala. Mkewe Editruda, muuguzi wa zahanati, alikuwa humo.

"Subiri, kaka."

Kisomaji chake, kikubwa kama mkate, kilimeza oili na kuanza kutoa namba. Ledigunda alizisoma kama mtu asomavyo barua ya nyumbani, akirukia moja kwa moja pale panapouma. Chuma kilikuwa kimepanda kidogo, na hilo ni la kawaida kwa injini inayovuta. Vumbi lilikuwa dogo, kwa hiyo filta ya hewa ilikuwa nzima. Shaba ilikuwa imepanda. Shaba ikipanda peke yake haimtishi msomaji wa oili, maana huenda ni kipoza oili tu kinachojichuja. Lakini risasi nayo ilikuwa imetoka kumi na mbili asubuhi, waliposoma kule Ilula, na sasa ilikuwa hamsini na nane. Shaba na risasi zikipanda zimeshikana mikono, ujue beringi za krenki, zile zinazobeba mhimili wa injini, zinaliwa.

Na kitu gani kinazila? Hapo ndipo macho yake yalipokwama. Sodiamu: arobaini asubuhi, mia nne na kumi sasa.

"Kuna sodiamu nyingi," alisema. "Inaweza kuwa maji ya rejeta yanavuja ndani ya oili, gasketi ya hedi imechoka. Au inaweza kuwa ile oili ya pipa la buluu uliyoongezea kabla hatujashuka. Ile ina sodiamu yake ya kiwandani."

"Basi ni ya pipa."

"Inaweza kuwa."

Akatoa kwenye mkoba kibamba cha chuma cha kupashia moto, upana wa kiganja, akakiwasha. Hicho ndicho kipimo cha zamani kuliko vyote. Ukidondosha tone la oili safi juu ya chuma cha moto, linatulia na kutoa moshi. Ukidondosha tone lenye maji, linalia.

Alatanga akamshika kifundo cha mkono. Hakumshika kwa nguvu.

"Usidondoshe, dada. Nakuomba. Sasa hivi hujui, na mtu asiyejua hadanganyi. Panda kwenye kabini, mwambie Mlinzi hujaona maji kwenye oili. Itakuwa kweli tupu, naye atafungua. Ukidondosha ikalia, umetufungia wote hapa."

*

Miaka saba kabla ya siku hiyo, lori lililovuta tela la abiria lilinoki injini katikati ya mlima wa Kitonga, likarudi nyuma, na watu sitini na wawili wakaenda nalo korongoni. Oili yake ilikuwa imesomwa asubuhi ileile. Msomaji aliona risasi, akaona maji, na akatia sahihi kwa sababu mkubwa fulani alimpigia simu.

Baada ya mazishi ikaja sheria, na sheria ikaja na Mlinzi. Mlinzi ni kisanduku cheusi kilichofungwa chini ya dashibodi ya kila lori linalovuta watu. Kila linapotaka kupanda mlima mkubwa na abiria, anaifunga injini na kumngoja msomaji aje atoe tamko kwa mdomo wake. Mlinzi hapimi injini. Anampima msomaji. Anasikiliza mtetemo wa sauti, pumzi, na kile kigugumizi kidogo ambacho mwenyewe hukisikii, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusikia kwamba kadanganywa. Ndiyo maana Ledigunda alishuka na lori. Sauti ya kwenye simu Mlinzi haipokei.

Lakini kila msomaji alijua kwamba Mlinzi ana upande mmoja ambao haoni. Hawezi kukushika kwa jambo ambalo hukutaka kulijua. Wapo waliokuwa wakisoma namba nusu na kufunga kisomaji. Walikuwa wakilala usingizi mzuri tu.

Ledigunda alikiangalia kibamba kikianza kuwa chekundu. Alifikiri juu ya mlango wa ghala na kipimajoto chake. Ikifika saa nane, humo ndani hapatakuwa na tofauti na nje. Akilidondosha tone, huenda anawaua watu arobaini na mmoja kwa kutaka kujua tu. Asipolidondosha, huenda wakafika. Kweli, huenda wakafika! Vidole vyake vikaanza kuifunga chupa ya oili.

"Kamwene, binti yangu."

Alikuwa mzee mwembamba, kajifunga taulo lililolowa kichwani, katoka ghalani akitembea taratibu kama mtu apitaye kwenye maji. Alijitaja kuwa ni Yordani Kalinga, mwenye shamba la pale darajani.

"Kamwene, mzee. Rudi ndani, joto."

"Narudi. Wenzangu wamenituma kuuliza jambo moja. Hii gari inafika?"

"Sijui, mzee."

Mzee Kalinga akamtazama, akakitazama kibamba, akaitazama chupa mkononi mwake.

"Hujui kwa sababu haijulikani," akauliza, "au kwa sababu hujatazama?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama auliziavyo mtu bei ya mbegu. Ledigunda akahisi aibu ikimpanda usoni, moto kuliko lile joto lenyewe. Akalidondosha tone.

Tone lilitulia nusu sekunde. Kisha likaanza kulia, cha-cha-cha, likirusha vitone pembeni kama kitunguu kibichi kwenye mafuta ya moto. Akadondosha la pili. Likalia zaidi.

Alatanga akakaa chini vumbini, mikono kichwani. "Umetumaliza," alisema. "Ledigunda, umetumaliza."

*

Editruda ndiye aliyetaka watu wote waambiwe. Alitoka, mwanamke mfupi aliyepauka midomo kwa kukosa usingizi, akamsikiliza Ledigunda hadi mwisho bila kumkatisha. Mumewe alimsihi awaache watu wapakie kwanza. Alimjibu kwa sauti ya chini: "Mficha maradhi kifo humuumbua, baba Neema. Hawa ni watu, si magunia."

Basi Ledigunda akasimama mlangoni mwa ghala, katika harufu ya vitunguu na ya binadamu, akawaeleza. Injini ilikuwa inakunywa maji yake yenyewe. Maji yalikuwa yanaiharibu oili, na oili iliyoharibika ilikuwa inaziacha beringi zikisagana chuma kwa chuma. Ingeweza kuvuta saa moja. Ingeweza kuvuta mbili. Ingeweza kufia kona ya tatu.

Kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Yaani umetoka Ilula kote huko kuja kutuambia tufe?"

Ledigunda aligeuka, akarudi kwenye lori, kwa kuwa mikono yake ilijua kazi moja tu.

Maji ni mazito kuliko oili. Ukiiacha injini itulie, hujitenga na kukaa chini. Wakangoja dakika arobaini, dakika ambazo Ledigunda alizihesabu kwa kipimajoto cha mlangoni: arobaini, arobaini na moja. Kisha akalegeza nati ya chini ya sampo, bakuli la oili la injini, kwa vidole, taratibu, na kilichotangulia kutoka kilikuwa uji wa kijivu, kama maziwa yaliyomwagikiwa na masizi. Ulipokwisha, oili nyeusi ikafuata, akafunga. Wakajazia lita zote ishirini zilizobaki kwenye pipa. Akalegeza mfuniko wa rejeta ili presha isizidi kuyasukuma maji ndani. Alatanga alipanda kwenye tela na kuanza kutupa nje kila kitu chenye uzito: matangi, rafu za chuma, betri za akiba.

"Na watu?" aliuliza Editruda. "Watu nao ni uzito."

Walikuwepo wanne wasioweza hata kukaa, sembuse kutembea lori likifa njiani. Editruda akasema atabaki nao. Huenda, alisema, kompresa ikipunguziwa miili ya watu thelathini na sita, itaweza kuwahudumia watano. Huenda.

Alatanga akaruka toka kwenye tela. "Hapana! Nimekuja kukuchukua wewe."

"Najua."

"Editruda!"

"Nikipanda mimi, nani atawageuza hawa? Nenda, mume wangu. Unanichelewesha, na wewe unajichelewesha."

Mzee Kalinga naye alitaka kubaki. Alisema amekula chumvi ya kutosha, na kilo sabini zake si haba kwa injini mgonjwa. Alikuwa ameshaketi kwenye kreti lake kule ndani, tayari. Ledigunda alimwendea, akachuchumaa mbele yake.

"Miguu yako ni mizima, mzee. Panda. Baba yangu angekuwa hapa, ningempandisha."

"Kweli hiyo?"

"Kweli tupu."

Mzee akamsoma uso kwa muda, kisha akanyanyuka, akapanda.

*

"Msomaji, taja jina," alisema Mlinzi. Sauti yake ilikuwa tulivu, haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke.

"Ledigunda Kivike."

"Umeisoma oili ya injini hii?"

"Nimeisoma."

"Toa tamko la safari. Una nafasi tatu."

Mbele ya kioo uwanja ulitetemeka kwa joto. Nyuma yao, ndani ya tela, mtoto alikuwa akilia. Ledigunda alivuta pumzi, akajilazimisha kuona lori likiingia Ilula.

"Ninavyojua mimi, injini hii itafika Ilula na watu wake."

"Tamko halilingani na sauti. Zimebaki nafasi mbili."

"Injini imehudumiwa," alisema haraka. "Maji tumeyatoa. Oili tumeongeza. Itafika Ilula."

"Tamko halilingani na sauti. Imebaki nafasi moja."

Alatanga akaupiga usukani kwa ngumi zote mbili. "Msukumie neno, dada! Amini! Kwani kuamini ni kazi?"

Ndiyo, ilikuwa kazi. Ledigunda aliufunika uso kwa viganja vyenye oili. Ilula ilikuwa mbali mno kwa ile injini, na mwili wake mzima ulijua hivyo. Lakini kwa nini Ilula? Watu hawa hawakuhitaji Ilula. Walihitaji jasho lao likauke, basi. Asubuhi, wakati wa kushuka, aliona mahali ambapo lori lilizama kwenye mvuke kama mtu aingiaye kwenye maji. Hadi pale ngozi yake ilikuwa kavu, na baada ya pale ikalowa. Palikuwa na kibao cha njano. Kona ya kumi na moja, ukihesabu toka chini. Juu ya hapo mtu angeweza kukaa kivulini mwa mwamba na kuishi mpaka jioni, magari ya umeme yakaweza kuwafuata.

Kona kumi na moja. Akapiga hesabu ya risasi, ya masaa, ya uzito uliotupwa. Akaipiga mara ya pili.

"Nabadilisha mwisho wa safari," alisema. "Siyo Ilula. Kona ya kumi na moja ya Kitonga. Injini hii inakufa, na ninajua inakufa. Lakini ninaamini itafika kona ya kumi na moja."

Alatanga akageuka kumtazama, mikono ikiwa usukanini.

"Tamko limepokelewa," alisema Mlinzi, na kufuli likaachia.

*

Walianza kupanda saa sita na robo. Alatanga aliendesha kwa gia ya pili, mguu mwepesi, kama mtu aliyebeba yai kinywani. Ledigunda hakuitazama barabara hata mara moja. Alikuwa akiitazama mishale miwili, ya joto na ya presha ya oili, na kila baada ya kona mbili walisimama, akashuka na kumimina maji kwenye rejeta, mvuke ukimbabua mikono.

Kona ya nne. Ya tano. Mshale wa presha ulikuwa umesimama imara, na kifuani mwake tumaini likaanza kuinua kichwa. Ya sita. Ya saba, ambayo ni kali kuliko zote; Nyati akaguna, akapita. Nyuma watu walianza kuimba wimbo wa kanisani, sauti kavu, wakizisindikiza kona.

Baada ya kona ya nane, mshale wa presha ukashuka upana wa ukucha.

"Naona," alisema Alatanga.

Kisha wakausikia mlio wa kugonga. Kwanza mdogo, kama mtu abishaye hodi kwa kidole, halafu kwa kifundo, halafu kwa nyundo. Alatanga alimwita Nyati kwa jina, akamsifu, akamtukana, akamsihi. Walipoimaliza tu kona ya tisa, injini ikapiga mara moja kwa nguvu na kunyamaza. Krenki ilikuwa imeshika. Breki za upepo zikajifunga zenyewe na tela likasimama palepale. Alatanga akaruka na kusukumia mawe chini ya matairi, akilia kwa sauti.

Zilibaki kona mbili. Kilomita moja na nusu, ndani ya mvuke, saa saba mchana.

Walitembea. Walilowesha khanga kwa maji ya mwisho, wakajifunika vichwa, watoto wakabebwa na kila mwenye mgongo. Ledigunda alibeba wawili. Hakuna aliyemlaumu, hakuna aliyekuwa na pumzi ya kulaumia. Walipoipita kona ya kumi, Mzee Kalinga aliketi kwenye ukingo wa zege kando ya barabara, akasema anapumzika kidogo, watangulie. Uso wake ulikuwa wa moto na mkavu, jasho limekatika, na Ledigunda alijua maana yake. Alimpa watoto mama mwingine, akamwinua mzee, akamtundika begani. Alikuwa mwepesi kuliko alivyosema. Walikwenda hatua kama mia hivi. Mzee alikuwa akizungumza maneno ya Kihehe, akimwita mtu wa nyumbani kwake, kisha hakuzungumza tena. Ledigunda aliendelea kumbeba.

Alipofika kwenye kibao cha njano, aliwakuta wamelala kwenye kivuli cha mwamba, thelathini na watano, vifua vikipanda na kushuka. Alimlaza mzee chini. Upepo ulitoka juu mlimani, mwembamba, na jasho la mikononi mwake likaanza kukauka.

*

Magari ya umeme yaliwachukua jioni ile. Asubuhi iliyofuata, joto liliposhuka, mengine mawili yalikwenda hadi Mbuyuni, na Alatanga alikuwa ndani ya la kwanza. Saa tatu yalirudi Ilula. Ledigunda alikuwa amesimama getini, akamwona Editruda akishuka kwa miguu yake, na nyuma yake machela nne, na juu ya kila machela mtu aliye hai.

"Joto la ghalani lilishuka hadi thelathini," Editruda alimwambia, karibu kwa aibu. "Nyie mlipoondoka tu, kompresa ikapata nguvu. Usiku tulijifunika khanga mbilimbili." Kisha akatazama huku na huku. "Mzee Kalinga yuko wapi?"

Ledigunda akainamisha kichwa, na Editruda akaelewa, akamshika mkono, akauachia.

Ofisa wa Mamlaka inayosimamia Walinzi alikuja kabla ya adhuhuri na kumbukumbu za Mlinzi. Alikuwa mpole. Alisema ameisikiliza sauti mara tatu na hakuna kosa. Tamko lilikuwa la kweli, na jalada limefungwa.

"La kweli ndiyo," alisema Ledigunda. "Halikuwa sahihi. Andika na hilo."

"Fomu haina mahali pa hilo, dada."

"Basi liandike pembeni."

Alitazama mpaka kalamu ilipomaliza. Kisha akauliza njia, akaelekezwa nyumba ya mabati mekundu nyuma ya shule ya msingi, alikokuwa akiishi Gaudensia, mwalimu, binti pekee wa Mzee Kalinga. Watu walikuwa bado hawajajaa. Gaudensia alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini, miguu ameinyoosha, kitambaa kichwani.

"Pole, dada," alisema Ledigunda toka mlangoni. "Mimi ndiye niliyeisoma oili."

Gaudensia akainua macho. "Alikufaje?"

Ledigunda akaanzia alikokujua: sodiamu mia nne na kumi, risasi hamsini na nane, tone lililolia. Alieleza hadi kona ya tisa, halafu akasikia maneno yake mwenyewe na kunyamaza. Akapiga magoti pale kizingitini.

"Alitaka kubaki," alisema. "Waliobaki wote wamepona. Mimi ndiye niliyemwambia apande."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni za msibani. Gaudensia alimtazama kwa muda mrefu sana, na usoni mwake yalipita mambo mengi, na hakuna hata moja lililokuwa msamaha.

"Ingia," alisema mwishowe. "Kaa hapa. Dada zake wanakuja kutoka Mahenge, na kaka yake. Utawaeleza na wao, mmoja mmoja, kama ulivyonieleza mimi."

Ledigunda akavua viatu, akaingia, akakaa.